Swali Nililompelekea Joel

Joel alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa nachagua mchele kwenye meza ya jikoni hapa Kisumu. "Pamela," akasema, "yule mama ametuacha." Hakusema mama yupi, nami sikuuliza. Kwa miaka yote niliyomjua Joel, kuna mama mmoja tu ambaye humtaja hivyo, kwa sauti ya chini na bila jina. Nikasukuma sinia kando nikakaa. Alikuwa ameishi miaka tisini na kitu, akafia kitandani kwake binti yake akiwa amemshika mkono, na sijui nani angeweza kulalamikia kifo cha namna hiyo, lakini nililia vilevile, na Joel akaningoja upande ule mwingine. Kungoja ni kazi anayoijua. Kisha akaniambia mazishi ni Ijumaa, nyumbani Kiptere, na kwamba mke wake Nancy amesema nisipofika hakuna mtu atakayezikwa. "Na ubebe miwani yako ya kusomea," akaongeza. Nilipomwuliza ya nini, akasema nitajua nikifika.

Kuanzia hapo mpaka Ijumaa sikufanya kazi yoyote ya maana. Nilizunguka nyumba nikishika hiki na kuacha kile, na akili yote ilikuwa katika mwaka mmoja wa miaka ya tisini, mwaka niliopanga chumba kwa yule mama, na ambao nusura nimpoteze mkwewe, Joel mwenyewe, kwa ujuaji wangu. Mambo ya wazazi wangu na jinsi walivyotoka ziwani kuja kwenye chai nitayaruka. Kila nyumba ya kambi ya wafanyakazi wa chai ina habari hizo na zote zinafanana. Naanzia mlangoni kwa Mama Nancy, kama kila mtu pale Kiptere alivyomwita, nikiwa na miaka ishirini na mmoja, sanduku moja la bati, cheti cha kupiga taipu, na jeuri ya msichana aliyepata kazi kabla ya wenzake. Kazi yenyewe ilikuwa ya simu na taipu katika kiwanda cha chai cha wakulima wadogo, chini ya mteremko. Ubao wa simu ulikuwa na matundu na kamba, na mimi ndiye niliyejua kamba ipi iende wapi. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Chumba changu kilikuwa cha mwisho katika nyumba ndefu ya mabati. Ukutani kulibandikwa kurasa za magazeti ya zamani, hivyo nililala nikisoma matokeo ya mpira wa kabla sijazaliwa. Dirisha lilitazama chai, kijani kitupu mpaka mtoni, na asubuhi ukungu ulikaa juu yake hadi saa tatu. Nyumba ile ilikuwa na harufu mbili ambazo hata leo nikizikuta popote huwa nasimama: harufu ya chai inayokaushwa, iliyopanda kutoka kiwandani, na harufu ya moshi wa senetwet, mti ambao Mama Nancy aliuchoma, akasugua mkaa wake ndani ya kibuyu, kisha akamimina maziwa ya mursik yagande humo. Kwa Kiswahili chake, kilichochanganya p na b, d na t, mimi nilikuwa Bamela. Mimi naye tulikuwa na ugomvi mmoja tu, nao ulikuwa omena, dagaa wa ziwani kwetu. Nikitamani chakula cha kwetu alinifukuza na sufuria yangu hadi nyuma ya choo, na kila baada ya muda kidogo alichungulia kwa mbali na kuuliza, "Bamela, hizo watutu zako bato haijaiva?" Lakini siku niliyougua homa, ni yeye aliyeenda sokoni, akanunua omena kwa mkono wake, akazipika ameziba pua kwa leso.

Joel nilimjua kupitia ukuta. Alikuwa amewahi kuendesha lori la majani pale kiwandani, kisha akaajiriwa na shirika moja kuendesha malori ya chakula cha msaada kutoka Lokichogio kuingia kusini mwa Sudan, kulikokuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Yeye na Nancy walikaa kwao Joel, Siongiroi, lakini akiwa likizo lazima angefika Kiptere kusalimu. Alikohoa mara mbili getini. Akikohoa tu, Mama Nancy aliinuka pale sebuleni, hata kama alikuwa katikati ya maneno, akatoka kwa mlango wa nyuma na kuingia jikoni. Joel akaingia na kukaa kiti kilicho karibu na mlango. Halafu mama alijaza mursik katika kikombe cha bati cha rangi ya bluu akanipa mimi nipeleke. Joel aliniuliza, "Huko jikoni wako salama?" Kutoka jikoni ikaja sauti, "Mwulize kama Siongiroi imenyesha." Joel akaniambia, "Mwambie imenyesha kidogo." Kati yao kulikuwa na ukuta wa mbao wenye nyufa za kupitisha kidole, na kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa, lakini mimi ndiye niliyesimama mlangoni nikibeba maneno. Nikaamua kwamba watu hawa wamekosana vibaya. Kwetu pia mkwe huheshimiwa, lakini mimi nililelewa kambini, ambako kila alfajiri mnyapara alisimama na kuita majina ya watu wote, wazee kwa vijana, mama mkwe na mkwewe, nao wakaitika kwenye mstari mmoja. Nilijua majina ni ya kuitwa.

Habari ya kutekwa kwake niliipokea mimi. Joel alikuwa ameandika nambari ya kiwanda kwenye fomu zake za kazi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa simu ya karibu na watu wake. Mtu aliyepiga alijitambulisha kuwa Bwana Mutiso, afisa wa mambo ya nje, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeandika huku akiongea. Alisema malori matatu yalisimamishwa na waasi, madereva wote watatu ni Wakenya, wamepelekwa msituni. "Tunaamini wako hai," akasema. Wakati huo sikulipima lile neno "tunaamini". Nililipima baadaye, kila Alhamisi, maana Bwana Mutiso aliahidi kupiga simu kila Alhamisi saa nane mchana, na alitimiza.

Nancy alikuja kutoka Siongiroi na begi moja na binti yao Chebet, wa miaka miwili, akahamia kwa mama yake ili awe karibu na simu. Alhamisi alikaa kwenye benchi kando ya ubao wangu, mkoba magotini, kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali. Nilimpa kile cha kuvaa sikioni, na mimi nikasikiliza kwa kingine. Ndivyo nilivyojifunza jinsi serikali zinavyoongea. Waasi walikuwa na mwakilishi wao palepale Nairobi, katika nyumba ya kawaida yenye maua, na Bwana Mutiso alikuwa amemtembelea mara nne. "Ananipa chai, anasikiza, anasema atauliza," alieleza. "Shida ni hii, mama. Sisi ndio tumewakalisha hao wawili, waasi na serikali ya huko, mezani waongee amani. Tukipigia mmoja kelele, meza inavunjika, na watu wetu wako huko ndani. Kwa hivyo tunaenda pole pole." Nancy akauliza, "Pole pole mpaka lini?" Bwana Mutiso akasema, "Mpaka wakubali."

Kisha ikaja habari ya barua. Barua ya kuwaomba ilichukua wiki tatu kwa sababu ya neno moja. Waasi walikataa neno "mateka", wakasema wao hawateki raia. Serikali yetu ikakataa "wafungwa", kwa sababu mfungwa amefanya kosa. Mwishowe walikubaliana kwamba madereva waitwe "wageni", na kwamba Kenya inaomba wageni warudishwe nyumbani. Nilileta habari hiyo jikoni kwa furaha, nikiona ni hatua. Mama Nancy alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka. "Mimi nikiwa na mgeni," akasema, "jioni anaenda kwao." Rafuni, kile kikombe cha bluu kilikuwa kimefunikwa mdomo chini tangu siku ya habari mbaya, na hata Chebet alipokililia hakupewa. Mimi nilikitazama nikashangaa, kwa kuwa bado niliamini mwenye kikombe na mwenye rafu hawasemezani.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Ilikuwa Alhamisi ambayo Nancy hakuwepo. Alikuwa ameenda Siongiroi kuangalia ng'ombe na mahindi, maana mvua ya mawe ilikuwa imepiga. Bwana Mutiso alipiga mapema. "Pamela, uko peke yako? Sikiza. Kuna habari, haijakuwa confirmed, ati mmoja wa hao watatu amekufa na malaria. Hatujui ni nani. Usiambie familia bado. Kuna askofu anaingia huko kesho na redio. Nataka swali moja kwa kila dereva, kitu yeye anajua na hao waasi hawajui. Jibu likirudi sawa, basi yuko hai na jina lake linaingia kwa barua. Nipe swali ya Joel. Na iwe rahisi, asikosee." Nikamwomba amngoje Nancy. Akasema askofu hangoji, na laini ilikuwa ikikwaruza. Ningeweza kumwambia anipe dakika kumi. Mama Nancy alikuwa anachuma chai ng'ambo ya barabara. Ningefika na kurudi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikwenda, na jibu ni kwamba nilipenda kuulizwa mimi. Nikafikiri haraka, nikaona hakuna mwanamume asiyejua jina la mama mkwe wake, hasa kama wamekosana. Nikasema, "Mwulize mama mkwe wake anaitwa nani," nikamsomea majina yake mawili kama yalivyoandikwa kwenye kadi yake ya mkulima. Bwana Mutiso akasema hilo ni swali zuri. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikitembea kwa madaha.

Madaha yaliisha kabla ya chakula cha jioni. Nilikuwa nimebeba siri kwamba huenda mmoja amekufa, na nilipaswa kuketi na watu hawa, kula ugali wao, kusikia Nancy akiomba kwa kuwataja wote watatu, na kusema amina. Wiki mbili nzima. Mama Nancy aliona siku ya kwanza tu. "Bamela ana kitu," alimwambia Nancy kwa Kikipsigis, na kufikia wakati huo nilikuwa nimejua lugha ya kutosha kusikia. Nancy akajibu kwamba ni mambo ya wavulana. Sijawahi kushukuru hivyo kwa kusingiziwa.

Jibu lilikuja Jumamosi, karibu saa nane mchana. Sauti ya Bwana Mutiso ilikuwa imechoka. "Wawili wamejibu sawa sawa," akasema. "Huyu wetu hajajibu. Ameulizwa mara tatu, na wanasema anajibu tu ati hawezi kusema. Pamela, mtu atakosa aje kujua jina ya mama mkwe wake? Naona hawana Joel. Kuna mtu wameweka pale ajifanye yeye, ama hakuna mtu kabisa. Ndege ni Jumatatu asubuhi. Barua inatiwa sahihi leo saa kumi. Nitaandika majina mawili." Nikamwuliza itakuwaje kama jina la Joel halimo. "Hakuna mtu atamwitisha," akasema. "Wakishatoa wawili, watasema wamemaliza." Kisha akaniambia pole, na kwamba niwaambie watu wake taratibu.

Sikumbuki njia. Nakumbuka jikoni. Mama Nancy alikuwa ameketi kwenye kigoda akisafisha kibuyu, na Nancy alikuwa anakata managu, mtoto amelala kwenye gunia. Niliwaambia yote kwa mpigo mmoja, ya malaria, ya askofu, ya swali, ya ndege, na kwamba wawili walijibu na Joel hakujibu. Nancy aliweka kisu chini. Hakulia. Alianza kuokota majani ya managu yaliyoanguka, moja moja, akiyaweka katika sufuria. Mama yake ndiye aliyeuliza.

"Walimwuliza nini?"

"Swali la kujua kama ni yeye."

"Swali gani, Bamela?"

"Jina lako."

Aliweka kibuyu magotini. "Nani alichagua hiyo swali?"

Nikasema ni mimi. Mama Nancy akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, nami nikapiga magoti nikaanza kuomba msamaha, nikidhani nimemliza. Alipoinua uso nikaona anacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nancy alimtazama, kisha akanitazama mimi, akafunika mdomo, naye akaanza, lakini yeye machozi yalimtoka kwa wingi na kicheko chake kilikuwa na kwikwi.

"Bamela," mama akasema, akijifuta. "Umelala kwa nyumba yangu miezi nane. Umewahi kusikia Joel akiita jina yangu?"

"Hapana."

"Hata siku moja?"

"Nilidhani mmekosana."

Hapo walicheka upya, na mtoto akaamka. Nancy ndiye aliyenieleza, akiwa amenishika mkono kwa mkono wenye maji ya mboga. "Hawezi, Pam. Hata umkate. Mama ya bibi yako huwezi mwita jina, ni heshima. Ukiitaja ni kama umemvua nguo mbele ya watu." Mama Nancy alikuwa ameacha kucheka. Aliniambia polepole, kama anayefundisha mtoto kufunga kamba ya kiatu, "Mtu mwingine angesema jina yoyote. Meri, Sara, abate kuacha kubigwa. Huyo amekataa. Huyo ni Joel. Kama angesema, saa hizi ndio ningekuwa nalia." Kisha akafungua leso kiunoni, akavaa koti lake la kanisani juu ya nguo za shambani, na kuniuliza ile simu inafungwa saa ngapi.

Tulifika kiwandani saa tisa na robo, viatu vyetu vizito kwa matope. Mama Nancy hakuwa amewahi kushika simu. Nilimpata Bwana Mutiso, nikamwambia kuna mtu anataka kuongea naye, nikampa mama mkono wa simu, naye akaushika mbali kidogo na sikio.

"Wewe ndio mtu ya Nairobi?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi ndio huyo mama mkwe. Wewe umeoa?"

"Nimeoa, mama."

"Mama ya bibi yako yuko hai?"

"Yuko. Anakaa Machakos."

"Anaitwa nani?"

Mimi nilikuwa nasikiliza kwa kile kingine. Ile sauti ya kalamu, ambayo ilikuwa chini ya kila simu yake kwa miezi yote hiyo, ilikoma. Nilisikia mtu akivuta kiti. "Mama," alisema mwishowe, "huyo sisi tunamwita mama tu."

"Na mtu akikushikia bunduki?"

"Nimekuelewa," akasema. "Lakini wakubwa wangu wanataka jibu kwa karatasi. Wakiniuliza, nitawaambia nini?"

"Waambie amejibu."

Akanirudishia simu kama mtu aliyemaliza kazi yake. Bwana Mutiso aliniambia anaandika majina matatu. Alisema nikisikia wiki ijayo kwamba kuna mtu wa mambo ya nje anatafuta kazi, nimkumbuke huko kiwandani, anaweza kupima majani. Ulikuwa utani, lakini sauti haikuwa ya utani. Nimefanya kazi na wakubwa wengi tangu wakati ule na nimewasahau wengi wao. Yeye, ambaye sikuwahi kumwona uso, huwa namwombea.

Jumatatu hakuna habari. Jumanne hakuna. Jumatano saa nne na nusu ubao uliwaka taa, nikaunganisha, na Bwana Mutiso akasema bila salamu, "Tunao wote watatu." Ile habari ya malaria ilikuwa uvumi tu. Niliacha kamba zinaning'inia, nikatoka mbio bila ruhusa, nikavuka barabara nikaingia kwenye chai ambako Mama Nancy alikuwa anachuma, kikapu mgongoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alifunga macho, midomo ikacheza kidogo, nadhani aliomba. Kisha akaendelea kuchuma mpaka mwisho wa mstari, kwa sababu lori la majani lilikuwa njiani. Nancy ndiye aliyepiga kelele kwa niaba yetu sote.

Joel alifika Kiptere Jumapili ya pili, baada ya kanisa. Sebule ilikuwa imejaa wamama wa ushirika. Tukasikia kikohozi getini, mara mbili. Mama Nancy aliinuka, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaingia jikoni. Nilimfuata. Aliteremsha kikombe cha bluu, akakiosha ingawa kilikuwa safi, akatikisa kibuyu akamimina, hata mursik nyingine ikamwagika mezani. Nilipeleka. Joel alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, amekonda, shati linamning'inia. Kutoka jikoni ikaja sauti, "Mwulize kama huko walikuwa wanamba chakula." Joel akasema, "Mwambie walinipa." Sauti ikasema, "Mwambie amekonda." Joel akasema, "Mwambie nitanenepa." Akanywa mpaka chini, akakishika kikombe kwa mikono miwili, na safari hii hakunitazama mimi, alitazama ukuta wa mbao.

"Mwambie sikusema," akasema.

Nilisimama pale mlangoni na sikuwa na la kubeba.

"Mwambie najua," sauti ikajibu.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikikitazama miezi yote ile bila kukiona. Nilidhani mapenzi lazima yakumbatiane na kuitana. Hawa wawili waliwekeana nafasi ya ukuta mmoja, wakaitunza, na katika nafasi hiyo walipendana kuliko watu wengi ninaowajua wanaolala kitanda kimoja. Wiki chache baadaye nilimwambia Joel kwamba swali lile lilikuwa langu. Aliniambia alipigwa makofi kwa ajili yake, kwani waasi walidhani anawadharau. Alifikiria kuwapa jina la uongo, lakini akaona watu wa nyumbani watasema si yeye. La kweli halingetoka. "Nikasema basi, ninyamaze," akaniambia. "Nikajua hiyo kunyamaza ikimfikia yeye, ataijua." Tangu hapo ananiita Afisa. Simlaumu.

Ijumaa nilifika Kiptere na miwani yangu mkobani. Hema tatu, vipaza sauti, na harufu ileile ya chai kutoka kiwandani. Chebet, yule wa gunia, sasa ana nywele za mvi mbili tatu na ofisi yake Nairobi, ndiye aliyepanga ratiba na kuichapisha kwa rangi, na kwa mapenzi yake kwa baba yake alikuwa amemwandika asome wasifu wa marehemu. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya jina. Joel angeweza kukataa, lakini hakutaka kumwaibisha mtoto. Alinivuta kando ya hema akanipa nakala ya pili. Sehemu nne zilikuwa zimepigiwa mstari kwa kalamu. "Hizo ni zako, Afisa," akasema.

Tulisimama wawili mbele ya watu, yeye na kipaza sauti, mimi hatua moja nyuma yake. Alisoma vizuri, kwa sauti ya dereva mzee. Alipofika penye mstari wa kwanza alisimama, nami nikasema, "Rebeka Tapsabei," naye akaendelea na mahali alipozaliwa. Ya pili hivyohivyo, ya tatu hivyohivyo. Vijana walitazamana. Wazee chini ya hema walielewa, na nilimwona Nancy mstari wa mbele amefunika mdomo, vilevile kama siku ile ya managu. Ya nne ilikuwa mwisho wa ukurasa, ambapo Chebet aliandika, Lala salama. Joel akayasoma hayo maneno mawili. Zamu yangu ilikuwa imefika. Niliyaona majina wazi kabisa katika miwani, yaleyale niliyomsomea Bwana Mutiso kwa madaha, na hayakutoka. Kipaza sauti kilivuma. Mtu alikohoa. Joel hakugeuka, wala hakunong'ona, wala hakunihimiza. Alisimama tu, karatasi mkononi, akiningoja. Nikameza mate, nikamtajia jina.